Kushika Mwiko si Mwiko

Naomba nafasi ndogo katika jarida letu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu likizo ya Aprili. Najua wapo watakaonicheka. Wacheke tu, kicheko hakivunji mfupa.

Siku tuliyofungua muhula wa pili, tulikuwa bwenini tukipiga gumzo juu ya likizo. Huyu alikuwa kaenda Mombasa, yule kashinda kwa mjomba wake Nairobi akitazama mpira. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi nilipika juma zima na kutembea na baba." Lo! Bweni zima likaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Maze, kumbe umekuwa mathe!" Mwingine akauliza kama nilijifunga leso kiunoni. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nikajiambia kwamba haya nitayajibu kwa kalamu.

Msimamo wangu ni huu, nauweka wazi tangu mwanzo. Tunasema kula vizuri na kufanya mazoezi ni mambo ya watu wenye pesa. Mimi nasema kinachotushinda ni muda na mikono, na muda huo na mikono hiyo tumemwachia mama peke yake. Mvulana asiyejua kupika wala kutumia miguu yake ni mzigo nyumbani, hata akiwa na alama ya A katika kila somo.

Kabla sijaitetea hoja yangu, sharti niwasimulie kilichonifikisha jikoni. Baba yangu ni fundi wa cherehani sokoni mjini Machakos. Kazi yake ni ya kukaa. Huketi saa mbili asubuhi, akainuka saa kumi na mbili jioni. Mchana huagiza chai ya maziwa na chapati mbili kutoka kibandani, au chipsi ikiwa mteja amelipa vizuri. Jioni hupanda boda boda hadi mlangoni, ilhali kwetu ni mwendo wa dakika 30 hivi kwa miguu. Mwezi wa Machi alianza kulalamikia kiu isiyokwisha, na usiku akawa anaamka mara tatu, mara nne, kwenda haja. Alipopimwa akaambiwa ana kisukari, ile aina ya pili ambayo huwapata zaidi watu wazima. Akapewa vidonge, na juu ya vidonge akapewa mashauri mawili: abadilishe sahani yake, na atembee.

Mama angeyasimamia hayo kama anavyosimamia kila kitu. Lakini likizo ilipoanza tu, habari zikaja kwamba nyanya yetu wa Kitui ameanguka na kuumia nyonga. Mama akafunga safari. Aliniachia shilingi 2,000, mahindi na maharagwe stoo, na neno moja: "Baba yako asile ovyo." Nikamwuliza nani atapika. Nakiri mbele yenu kwamba jicho langu lilikuwa tayari limemwendea dada yangu mdogo, aliye gredi ya tano. Mama akaliona. Akasema, "Huyo muhula mzima amenisaidia. Wewe una mikono miwili, sivyo?" Basi, mambo yakawa hayo.

Jumatatu nilianza kwa kishindo. Nikaamua kupika muthokoi, chakula cha kwetu Ukambani, mahindi yaliyotwangwa kwa kinu hadi maganda yakatoka, yakachemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Nimekila tangu utotoni, kwa hiyo nilidhani nakijua. Nikainjika saa kumi na moja jioni. Saa moja ikapita, saa mbili zikapita, maharagwe bado yanagonga meno kama changarawe. Saa tatu usiku baba akaja jikoni, akafunua sufuria, akauliza kwa upole, "Uliroweka?" Kuroweka? Kumbe nafaka na maharagwe makavu huwekwa majini usiku wa kuamkia siku ya kupika, maji yale yakamwagwa, ndipo yakaiva kwa muda wa maana na kuokoa makaa! Tulilala kwa mayai na sukuma wiki. Haraka haraka haina baraka.

Siku ile ndipo nilipoielewa methali tuliyoikariri tangu shule ya msingi: usione vyaelea, vimeundwa.

Jumanne nikawa nimeerevuka. Muthokoi ukaiva, nikaukaanga kwa kitunguu, nyanya na dania, mafuta kijiko kimoja. Ukutani nilibandika karatasi yenye mchoro aliopewa baba kliniki. Ni sahani iliyogawanywa: nusu yake mboga, robo yake wanga kama vile ugali au muthokoi, na robo iliyobaki maharagwe, ndengu, samaki, nyama au yai. Baba hakukatazwa ugali. Alikatazwa mlima wa ugali. Shida ya sahani zetu, pamoja na zile za bwaloni hapa shuleni, ni kwamba tumezipindua: ugali ni mlima Kilimanjaro na mboga ni kijiti cha kuonjea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba takriban watu wazima 94 katika kila 100 nchini hawakuwa wakila mafungu matano ya mboga na matunda kwa siku, kama inavyopendekezwa. Katika nchi yenye sukuma wiki kila kona! Katika nchi ambako mvua ikinyesha tu, terere na managu huota hata pasipopandwa!

Sasa nije kwenye miguu. Kila alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, nilimgongea baba mlango. Jumatatu tulikwenda dakika 20, akawa anahema. Jumanne dakika 20 tena. Jumatano mvua ya masika ilinyesha kama iliyotumwa, hatukutoka. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi dakika 30 kila siku. Jumapili dakika 40. Ukijumlisha utapata dakika 170. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya kadiri, yaani mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini hukuwezeshi kuimba. Hatukulipa hata ndururu. Na sababu yake si uganga: misuli inapofanya kazi hutumia sukari iliyomo damuni, na mwili unaozoea kazi huitikia insulini vizuri zaidi kuliko mwili unaoshinda kitini.

Kilichonishangaza ni watu. Wenye boda boda walikuwa wakisimama kando yetu wakisema, "Mzee, pandeni, mtalipa jioni!" Jirani mmoja alimwuliza baba kwa huruma kama biashara imeharibika. Jamani! Tumefika mahali ambapo mtu mzima akionekana akitembea kwa miguu kwa hiari yake, watu humchangia nauli. Kutembea kumekuwa ishara ya ufukara. Baba aliona haya siku mbili za kwanza, akataka tupite njia ya nyuma ya kanisa. Ijumaa, yule jirani mwenye huruma alitoka na viatu vya mpira akaandamana nasi. Naye, kumbe, ana shinikizo la damu na aliambiwa vivyo hivyo mwaka uliopita. Alikuwa akingoja mwenzake tu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi tuliokota jirani.

Hapa shuleni nasikia usemi mmoja unaonichosha: "Kukimbia ni kazi ya watu wa Bonde la Ufa." Hebu mwenye usemi huo anisikilize. Cosmas Ndeti, mwana wa Machakos, alishinda mbio za marathoni za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, mwana wa Machakos pia, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Lakini hata kama asingekuwapo Mkamba hata mmoja aliyewahi kushinda mbio, bado moyo wako ungehitaji kupigishwa kasi. Moyo hauulizi kabila.

Nirudi kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi hujificha. Niliandika kila senti daftarini. Mboga, nyanya, vitunguu, maziwa, mayai, ndengu kilo moja, mapapai mawili na makaa, yote yalikula shilingi 1,690. Zilibaki 310. Kwa bei ya kibanda kilicho karibu nasi, sahani ya chipsi ni 150. Sisi watu watatu tungekula chipsi kila jioni kwa siku saba tungelipa shilingi 3,150, na asubuhi na mchana bado hatujala kitu. Najua mtasema mahindi na maharagwe yetu yalitoka shambani, na si kila nyumba ina akiba stoo. Ni kweli, na sitadanganya. Ungeyanunua dukani, faida yangu ingepungua. Hata hivyo isingetoweka.

Hesabu iliyonitisha ni nyingine. Niliandika pia muda. Kwenda sokoni, kuchambua mboga, kuwasha jiko, kupika asubuhi na jioni, kuosha vyombo, kuroweka ya kesho: muda wa saa nne kila siku, na dada yangu alikuwa akinisaidia. Mara siku saba, ni saa 28. Mama yangu hufunza watoto wa chekechea asubuhi hadi mchana, kisha huja nyumbani kuzianza saa hizo nne. Amefanya hivyo miaka yote niliyoishi duniani. Mimi nilifanya juma moja, nikaona nastahili kusimuliwa bwenini!

Na hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua. Baba aliambiwa atembee, akatembea, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni kabla na baada ya matembezi. Je, mama akiambiwa atembee, nani atakuwa jikoni? Tukimwambia mama, "Pika chakula cha nyumbani, achana na chipsi," halafu sisi wanaume tukakaa sebuleni kungoja sahani, tumemponya baba kwa kumchosha mama. Huo si uungwana. Nasema hivi mimi mwenyewe nikiwa mshtakiwa wa kwanza.

Baba aliliona jambo hilo kabla yangu. Ijumaa jioni alivuta kigoda jikoni, akachukua kisu, akaanza kukatakata vitunguu bila kusema neno. Nilimtazama kwa mshangao, sijawahi kumwona akifanya hivyo. Baadaye akasema, "Nilipokuwa kapera Nairobi nilikuwa nikijipikia. Nilipooa nikasahau." Kisha akanyamaza, akaendelea kukata. Machozi yalikuwa yakimtoka, na sina hakika kama yote yalikuwa ya vitunguu.

Jumapili, baada ya ibada, tulipanda matatu sote watatu hadi Kituluni, kule Kyamwilu, mahali panapowavuta wageni kwa sababu maji huonekana yakipanda mlima. Tukatembea dakika zetu 40. Dada yangu akamwaga maji ya chupa barabarani, nayo yakaenda, naapa, kuelekea juu! Akapiga makofi. Mwalimu wetu wa fizikia alikwisha kutufafanulia kwamba macho ndiyo yanayodanganywa na namna ardhi ilivyolala pande zote, na kwamba maji kwa kweli yanateremka. Niliposimama pale niliwaza juu yetu vijana. Tunamwona anayekula chipsi na kupanda gari hadi mlangoni kuwa ndiye anayepanda juu maishani, na anayekula muthokoi na kutembea kuwa ndiye anayeshuka. Macho yetu yamedanganywa kama pale Kyamwilu.

Je, baba amepona? La. Kisukari hakiponywi kwa juma moja, na mtu yeyote atakayekuuzia dawa ya juma moja, mkimbie. Jumatatu ya kwanza, alipopimwa kabla ya kula, kipimo kilisoma 10.8. Jumatatu iliyofuata kilisoma 9.2. Kipimo cha 7 au zaidi kabla ya kula ndicho madaktari hukihesabu kuwa cha kisukari, kwa hiyo safari ingali ndefu, na vidonge vyake anavimeza kila siku. Lakini sasa anarudi nyumbani kwa miguu. Mama ameniarifu kwamba hadi leo hajaacha.

Sasa niwageukie nyinyi wenzangu na walimu wangu, kwa heshima zote, kwa mambo matatu.

La kwanza ni kipindi chetu cha mazoezi ya mwili. Kimo ratibani, kimeandikwa kwa wino. Lakini ni nani katika Kidato cha Tatu anayekumbuka mara ya mwisho tulipotoka nje? Kila juma huja mwalimu wa somo fulani akakiomba "kwa leo tu", na leo hiyo haijawahi kuisha. Walimu wetu wapendwa, hatuwalaumu, mnatutakia mema katika mtihani. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa umri wetu anahitaji wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Sisi hatupati hata 40 kwa juma. Baba yangu alikaa kitini miaka 25 kwa sababu ya kazi. Sisi mnatufunza kukaa tungali na miaka 16. Turudishieni kipindi chetu.

La pili ni duka la shule. Wakati wa mapumziko tunauziwa mandazi, soda na peremende. Kwa nini tusiuziwe pia ndizi, njugu, mahindi ya kuchemsha na machungwa? Mnunuzi ni sisi. Tukivinunua, mwenye duka atavileta.

La tatu ni letu wenyewe wavulana. Shule yetu haina somo la sayansi ya jikoni, na wengi tunajivunia hilo. Ni fahari ya bure. Mwaka kesho kutwa tutakuwa vyuoni au kazini, katika vyumba vya kupanga, na hatujui hata kuroweka maharagwe. Napendekeza chama chetu kiandae Jumamosi moja kila muhula ambapo kila mwanachama atafundisha mapishi ya kwao kwa Kiswahili sanifu. Tutajifunza msamiati wa jikoni ambao kila mwaka hutuangusha katika insha, na tutakula tulichopika. Hayo ndiyo marudio ya somo ninayoyapenda mimi!

Nimalizie na lililonishusha mabega. Mama aliporudi Jumatatu jioni alikuta meza imeandaliwa: ndengu, ugali wa wimbi na mboga za kunde. Aliketi, akala kikiwa cha moto, hakuinuka hata mara moja. Sikumbuki kama niliwahi kumwona akila hivyo. Kisha akanisifu, baba akanisifu, hata yule jirani akanisifu. Nikavimba kichwa kama andazi. Ndipo dada yangu akauliza, kwa sauti ndogo, huku akikusanya sahani: "Mimi napika ugali tangu gredi ya tatu. Mbona hakuna anayenisifu?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliinuka, nikazichukua zile sahani mikononi mwake, nikaenda kuziosha. Makala haya ndiyo sehemu ya pili ya jibu langu kwake.

Wenzangu, juma moja tu. Likizo ijayo mjaribu juma moja tu, mpike na mtembee, halafu mje tubishane. Kwa sasa kalamu naiweka chini, mwiko naushika.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu